Gauni Lililonisubiri Ninenepe

Nilizaliwa mwembamba, nikakua mwembamba, na Tabora jambo hilo si lako peke yako. Kila mtu ana la kusema. Shuleni niliitwa kimbaumbau mwiko wa pilau. Sokoni, mama anayeuza dagaa aliniuliza kila nilipopita kama nimepata nafuu, na mimi sikuwa nimeumwa hata mafua. Nikimjibu kwamba mimi mzima, ananitazama kwa huruma na kuniongezea dagaa wachache juu ya fungu. Nilikula sana, tena kuliko wadogo zangu, lakini chakula kilikuwa kinaingia na kupita bila kuacha salamu. Marehemu baba alikuwa hivyohivyo, mifupa na meno, ila yeye aliitwa mkakamavu.

Nikiwa na miaka ishirini na minne nilikuwa nafanya kazi kwenye kiduka cha kutoa fotokopi karibu na soko. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la vipuri vya pikipiki, na mwenye duka alikuwa kijana mmoja mpole, mwenye kucheka taratibu. Alikuja kutoa kopi ya kitambulisho chake. Kesho yake akaja tena na kitambulisho kilekile. Alipokuja siku nyingine nikamwambia, "Kaka, kopi ulizonazo zinatosha kubandika mji mzima. Kuna nini?" Akacheka, akasema hakuna kitu, anapenda tu mashine inavyolia. Nikamwambia basi aje na kiti.

Kijana huyo hakuwahi kusema neno juu ya mwili wangu, si la kusifu wala la kukejeli. Mimi niliyezoea kusemwa tangu utotoni, nikaona hapo ndipo pa kupumzikia. Nilimpenda, tena nilimpenda vibaya. Aliponiambia atawatuma wazee wake nyumbani, nilifunga duka mapema nikatembea mpaka kwetu Ipuli kwa miguu, maana nisingeweza kukaa kwenye bodaboda na furaha ile.

Kwa kuwa baba hakuwepo tena duniani, msemaji wa nyumba yetu alikuwa shangazi, dada yake mkubwa. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti, na akiingia chumbani hewa inapungua. Mama yangu alikuwa mtu wa kijijini Choma, wa familia ya wafugaji, aliyeolewa mjini akiwa binti mdogo, na mbele ya wifi yake alikuwa hazidishi maneno mawili. Shangazi aliposikia kwamba mama wa kijana anakuja na wanawake wenzake kunitazama, alinizunguka mara moja, akanitazama nyuma, akasema, "Hee! Tutamwonyesha nini sasa yule mama? Kamba ya kuanikia nguo?"

Kesho yake alirudi kutoka sokoni na kaptura ya kubana iliyoshonewa sponji nyonga na makalio. Vijana wanaziita vigodoro. Nilikataa. Nikamwambia, "Shangazi, mwenyewe anayeoa ananiona kila siku. Anajua nilivyo." Akanijibu kwamba mwanamume huona kwa macho yake lakini huoa kwa macho ya mama yake, na kama sijui hilo basi nimesoma bure. Akaongeza ule msemo wake, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nilitaka kumwuliza, sasa mbona mwili wangu mnautembeza? Lakini shangazi hajibiwi. Nilivaa sponji, juu yake nikavishwa dera moja, kisha dera lingine, nikaambiwa nitembee polepole.

Wageni walifika. Niliingia na sinia la juisi ya ukwaju, nikapiga goti, nikasema shikamooni. "Marahaba, mwanangu, marahaba," alisema mama wa kijana, na macho yake yakanishuka kuanzia begani. Alikuwa fundi wa magauni ya harusi, mwenye jina mjini. Nilijua hilo. Kitu ambacho hakuna aliyenitahadharisha ni kwamba fundi hatembei bila vifaa vyake. Alipomaliza juisi alifungua pochi, akatoa futi ya kupimia, akasema kwa furaha, "Gauni la mkwe wangu nitashona kwa mikono yangu. Simama, mama, nikupime."

Nilimtazama shangazi. Shangazi akatazama dari. Mama mkwe alinipima kifua, akanipima kiuno, kisha akazungusha futi kwenye nyonga, yaani kwenye sponji. Hapo mkono wake ukasita. Akabonyeza kidogo kwa kidole gumba. Nikawaza kwamba sasa hivi ataninyanyua dera mbele ya watu. Hakufanya hivyo. Aliisoma namba kwa sauti, mwenzake akaiandika kwenye simu, halafu akasema "Mashallah" na kukaa chini. Jioni ile kijana alinitumia ujumbe kwamba mama yake amefurahi sana. Niliusoma mara nyingi nikitafuta kama yeye mwenyewe naye amefurahi.

Baada ya mahari kupokelewa, nikawekwa ndani. Kwetu wanawali bado huwekwa ndani kabla ya harusi, na zamani, walivyotueleza wazee, ilikuwa muda wa kufundwa na kupumzishwa. Siku hizi wengi wanakaa siku chache tu, wanapakwa singo, wanachorwa hina, basi. Mimi nilipewa mwezi mzima. Kazini waliambiwa niko likizo. Shangazi alihamia kwetu na begi lake, akachukua simu yangu akaitia kwenye sidiria yake, akasema mwali haongei na bwana harusi. Dirisha likawekwa khanga mbili nzito ili jua lisinichome. Ilikuwa Oktoba, kabla ya mvua, wakati ambao Tabora nzima inalala uani kwa joto.

Wiki ya kwanza gauni likaletwa. Mama mkwe alikuwa amewahi kulimaliza, jeupe, zito, limejaa shanga kifuani. Shangazi alilitundika kwenye msumari ukutani, mkabala na kitanda changu, ndani ya mfuko wake wa nailoni. Nikalijaribu. Mabega yalinikaa, lakini chini ya hapo nilikuwa naogelea. Nyongani ningeweza kuingiza mto wa kulalia na nafasi ikabaki. "Umeona?" alisema shangazi. "Sasa kazi ni moja tu. Kulijaza."

Nikasema si tulipunguze? Mafundi wamejaa mjini. Shangazi akashika kichwa. Ukipunguza gauni la fundi, fundi ataona, na akiona atajua kwamba siku ile tulimpimisha sponji, na mji mzima utajua. "Sisi ni watu wa mjini tangu enzi za misafara," alisema, akimtaja babu wa babu yetu aliyekuwa mpagazi, aliyebeba pembe za ndovu za watu mpaka pwani na kurudi, kisha akachoka akajenga hapa. "Hatuwezi kutoa mwali watu wakasema nyumbani kwao kuna njaa." Kwa hiyo babu alibeba pembe, na mimi nikabebeshwa gauni. Hilo nililisema kwa sauti, nikapigwa kibao cha bega.

Basi ikaanza. Alfajiri uji wa ulezi wenye karanga, samli na asali, bakuli kubwa la kupakulia mboga. Saa nne chapati na supu ya kongoro. Mchana wali, nyama, ndizi. Alasiri maziwa ya mgando. Usiku wali tena, na kabla ya kulala maziwa moto. Samli ililetwa na ndugu zake mama kutoka Choma, madumu kwa madumu, na wao maskini walidhani wananipa zawadi. Nilitamani matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa anavyopika mama, vya kutafuna taratibu na karanga. Shangazi akakataa, eti hicho ni chakula cha kulimia, hakiweki nyama.

Shangazi alikaa kwenye kiti karibu na mlango akinitazama nikila. Nikipumzika anagonga sahani kwa kijiko. Nikienda msalani ananifuata mpaka nje ya mlango, kwa kuwa mara moja alinisikia nikitapika. Kila Ijumaa baada ya swala ananivalisha gauni, anavuta kitambaa nyongani kwa vidole, anatingisha kichwa. Ijumaa ya pili kilichoongezeka ni tumbo tu. Nyonga zilikuwa palepale. "Mwili mbishi huu!" alilalamika. Ndipo akaleta vidonge. Aliniambia vya kufungua hamu ya kula, kila mtu anatumia, mabinti wa Dar wote wanatumia.

Nilikuwa nimeviona vidonge vile kabla. Mwenzangu mmoja wa shule alivimeza, uso ukamvimba ukawa duara, miguu ikajaa maji, na alipoviacha alikonda kuliko mwanzo. Kwa hiyo nilikuwa naviweka chini ya ulimi, shangazi akigeuka natema, naficha kwenye pindo la godoro. Huo ndio ulikuwa uhuru wangu wote, pindo la godoro.

Watu wakinisikia nasimulia haya huniuliza kwa nini sikuondoka. Mlango haukuwa na kufuli, ni kweli. Ningeinuka tu, nipite uani, nitoke. Niende wapi? Kadi zimeshagawiwa, wajomba wameshakata tiketi za basi, mahari imeshapokelewa mbele ya wazee. Na zaidi ya hayo yote, mtu wenyewe nilikuwa namtaka. Nilikuwa nasonga mbele kwenda kwa yule ninayemtaka na njia yenyewe ndiyo ilikuwa inaninyonga. Hapo mtu unakimbia kwenda upande gani?

Tena nisiseme kwamba shangazi alinichukia. Mchana mmoja, joto limetushinda wote wawili, alinisimulia harusi yake. Aliolewa akiwa mwembamba kama mimi. Mumewe akavumilia mwaka, kisha akaleta mke wa pili, mnene, akamweka chumba cha mbele. "Nilikuwa nasikia anamcheka nami niko jikoni," alisema. Baada ya hapo ndipo alipoanza kula, akala mpaka akawa huyu tunayemjua, lakini mwanamume hakurudi. Alifuta jasho kwa upindo wa khanga. "Wewe sitaki ulie vile. Kula, mwanangu." Nilimwonea huruma, wallahi, lakini huruma ile haikunipunguzia hata tonge moja. Alichukua kijiko akagonga sahani.

Kilichoniweka hai siku zile ni wazo moja. Nilijiambia kwamba yeye hajui. Mchumba wangu hajui wanachonifanyia humu ndani. Angejua, angemwambia mama yake neno moja tu: huyu nimempenda alivyo, lipunguze gauni. Neno lake ni la mwenye kuoa, lisingekataliwa. Mama mkwe angeshona upya, shangazi angefedheheka siku mbili kisha angesahau, nami ningelala na kuamka na mwili wangu. Kazi yangu ilikuwa kumfikia tu.

Aliyenisaidia ni mama. Sikumtegemea, nikiri. Siku zote zile alikuwa anapika, anapakua, anainama, anatoka. Lakini siku moja aliingia kuchukua vyombo, akasikiliza nje kidogo, kisha akatoa simu yake kwenye pindo la khanga na kunikandamizia mkononi. "Wifi yupo anaoga," alinong'ona. "Sema haraka. Namba yake nimeiomba kwa mdogo wako." Alisimama mlangoni, kanipa mgongo, mabega yake membamba yakijaza nusu ya uwazi. Sikuwahi kugundua kabla ya siku ile kwamba mama naye alikuwa mwembamba. Hakuna aliyekuwa amemsema, labda kwa sababu alikuwa haonekani.

Kijana alipokea. Sauti yake ilinifanya nilie kabla sijasema kitu. Nikamweleza yote, haraka, bila kupanga. Nikamwambia kuhusu sponji, futi, gauni, samli, vidonge. Nikamwambia, "Siku ile mama yako alinipima sponji, si mimi. Mwambie. Mwambie tu alipunguze gauni."

Akacheka, ule ucheko wake wa taratibu. "Mbona mama anajua?" alisema. "Siku ileile aliporudi alituambia. Mikono ya fundi haidanganywi na sponji. Alisema, haya, kama wao wenyewe wameona anapungua, basi mimi nashona hivyohivyo, watamjaza wenyewe."

Sikuelewa mara moja. Nikauliza, "Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Unanitaka mnene?"

"Ah! Mimi nilikupenda vilevile ulivyo. Pale kwenye mashine, unavyopita kati ya meza na ukuta bila kugusa kitu. Mimi sina tatizo na wewe kabisa."

Miezi yote ile nilikuwa nayasubiri maneno hayo. Yamekuja, na nilikuwa nimekaa juu ya godoro lenye vidonge, nimeshiba mpaka siwezi kuinama. Nikamwambia, "Basi mwambie mama yako hivyohivyo ulivyoniambia. Leo."

Nikasikia pikipiki inawashwa dukani kwake, mtu anamwita, yeye anajibu subiri. Halafu akarudi kwenye simu. "Haya ni mambo ya wanawake, mpenzi," alisema kwa upole, kama anayenibembeleza. "Mimi nikiingilia nitaonekana nimeshatawaliwa kabla ya ndoa. Na mama akishaweka jambo moyoni, weee! Wewe kula tu, uvumilie, mama afurahi, siku ipite. Si mwezi tu?"

Mama alikohoa mlangoni. Nikamrudishia simu. Hakuniuliza amesemaje, alinitazama tu usoni, akaifunga simu kwenye pindo, akabeba vyombo.

Niliyoyafanya baada ya hapo niliyafanya kwa hasira, na hasira yangu mimi haina kelele. Shangazi alipoingia na wali wa mchana, nilikula wote. Nikaomba mwingine. Macho yakamtoka. Nikampokonya kile kidonge mkononi kabla hajanikabidhi, nikakimeza mbele yake na maziwa, nikafungua mdomo nimwonyeshe ulimi. Si mnataka nyama? Haya, nyama hiyo inakuja. Sikutema tena hata kimoja. Ndani ya siku chache nilikuwa naamka usiku na njaa ya kuogopesha, napapasa gizani natafuta ndizi. Nilikuwa nalala mchana kutwa. Moyo ulikuwa unanienda mbio nikiwa nimekaa tu. Mashavu yakajaa, macho yakazama, pete ya uchumba niliyovalishwa ikakwama kidoleni tukaitoa kwa sabuni. Mama aliponiona nameza, alisema, "Usile hivyo, mwanangu." Ni mara ya kwanza kumsikia akimpinga wifi yake waziwazi. Shangazi akamwambia anyamaze, na safari hii hata mimi nilimwambia anyamaze.

Ijumaa ya mwisho gauni lilinikaa. Shangazi alipiga vigelegele peke yake chumbani. Wiki ya harusi lilikuwa linanibana, ikabidi mama mkwe aje mwenyewe na mkasi wake mdogo aachie mishono ya ubavuni. Alinigeuza, akanibonyeza nyongani kwa kidole gumba kama siku ile, na safari hii kidole kilikutana na mwili. Akaridhika. "Sasa ndiyo mwanamke," aliwaambia wenzake. Alikuwa ananisifu kwa dhati. Sikumjibu, na kwa mwali, kutojibu ni adabu.

Ndoa ilifungwa barazani, wanaume wakiwa nje, mimi nikiwa ndani juu ya kitanda nimefunikwa mtandio. Nilisikia kadhi akiuliza, nikasikia yeye akijibu nimekubali kumwoa, sauti wazi, haikutetemeka. Kwa hiyo alipoingizwa chumbani kuja kuniwekea mkono kwenye paji la uso, kila kitu kilikuwa kimeshakwisha. Nilikuwa mke wa mtu. Wanawake wamejaa mpaka mlangoni, shangazi mbele, mama mkwe mbele, simu zimeinuliwa juu kupiga picha, ubani umefuka, hakuna pa kupumulia.

Alifunua mtandio. Nikamwona akiwa na tabasamu alilolitayarisha kwa ajili ya picha, kisha nikaliona likipotea. Alinitazama mashavu, akanitazama shingo, akarudi usoni, akanitafuta. Alikuwa ameunyoosha mkono kwenye paji la uso wangu na mkono ukabaki hewani. Aliinama kana kwamba anaanza dua, na chini ya vile vigelegele akaniuliza, kwa sauti ndogo yenye hofu ya kweli, "Ni wewe?"

Nikamwambia, "Muulize mama yako."